Makaburi Mia Tatu ya Hildegardi

Machi 2, Jumapili

Mimi Tarsisi, mzee wa kwanza kuandika kitabu katika kijiji hiki, na huenda toka Mbinga mjini mpaka ziwani hakuna mwingine, naanza leo. Shule sikukaa hata siku moja. Siku aliyonipeleka baba, mwalimu alinitazama mara moja akasema huyu atanimaliza maneno, mrudisheni nyumbani. Mke wangu Kunigunda anasema ni uongo, baba yangu alitaka mtu wa kuchunga mbuzi. Yeye aandike kitabu chake. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, nikawa wa kwanza. Tulikuwa kumi na wawili, wengine walikuwa wanasinzia, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Kauntabuku hili amenipa Adrian. Adrian zamani alikuwa anapima kahawa kwenye mizani ya Bwana Othmar, mnunuzi binafsi. Siku hizi ana gazeti lisilo na karatasi, linasomwa kwenye simu, linaitwa Nyuki Mtandaoni. Chini limeandikwa: Hatuogopi Kuuma. Kaniambia, "Babu, kila unalolisema andika. Watu wa Dar es Salaam wanataka kukusikia." Nikamwambia wamechelewa miaka sabini.

Diwani wetu alifariki Desemba, Mungu amrehemu. Mwisho wa mwezi huu tunapiga kura kumpata mwingine. Bwana Othmar anagombea kwa chama cha Mzinga. Binamu yangu Hildegardi, mtoto wa shangazi, anagombea kwa chama cha Kinu. Mimi ni Mzinga tangu Mzinga haujapata nyuki. Na Nyuki Mtandaoni, hata kipofu anajua wanatengenezea mzinga gani asali.

Machi 3

Mvua.

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Nimepakwa majivu. Padri kasema tufunge ulimi. Nimeona ananitazama mimi.

Jioni Edina, mwenye kilabu cha komoni, kanisomea simu yake. Nyuki wameandika ile hadithi yangu ya chui aliyeingia kilabuni akanywa ndoo nzima, akalala mpaka asubuhi, nikamwamsha mimi aende kwao. Kichwa cha habari: MZEE AMFUKUZA CHUI MLEVI. Na picha yangu. Jina wameniita Babu Mkweli. Kilabu kizima kilicheka, mimi nikakaa kama askofu.

"Mzee Tarsisi," kasema Edina, "si ulisema ni fisi?"

"Mwaka jana alikuwa fisi. Amekua."

Machi 7

Leo nilimpata Hildegardi vizuri.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam: sisi Wamatengo tunalima milimani kwa ngolo. Mwisho wa masika mwanaume anafyeka majani kwa nyengo, fyekeo letu la mpini, anayapanga chini viboksi viboksi kama dirisha la nyavu. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo katikati ya kila kiboksi, anayafukia yale majani, anapanda maharage juu ya matuta. Pale alipochimba panabaki shimo. Mlima mzima unakuwa mashimo, maji ya mvua yanatulia humo, udongo hauendi mtoni. Ukiona kwa mara ya kwanza utadhani kuna watu walikuwa wanatafuta hela iliyopotea.

Sasa huyu Hildegardi mumewe Damiano aliondoka mwaka juzi, akashuka ziwani, hajarudi. Basi jioni kilabuni Hildegardi alipita na watu wake wa Kinu wanaimba, akaniona.

"We jeneza linalotembea!" kaniita. "Bado hujafukiwa?"

"Nifukiwe na nani, mtani? Mfukiaji ni wewe! Damiano alilala kwenye majani kwa uvivu, wewe ukaja na jembe lako, ukamfukia humo humo ukapandia maharage. Ndiyo maana maharage yako manene. Una makaburi mia tatu pale mlimani, tuchimbe lipi?"

Watu waliangua kicheko. Hildegardi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kasema, "Nimebakiza moja, la kwako, ila nimelipima halikutoshi mdomo!" Akaenda zake anacheka.

Ndiyo utani huo. Mtoto wa shangazi unamzika, anakuzika, mnakunywa. Hapajawahi kutokea kesi.

Adrian alikuwepo, anarekodi na simu.

Machi 9

Mvua. Maharage ya mbegu yamepanda bei. Kunigunda amemaliza ngolo zake, mimi nimepanga majani kwa ustadi ambao haujaonekana tangu wakati wa Mjerumani.

Machi 12

Edina kanisomea. Ninaandika kama ilivyo, nilimwambia arudie mara mbili:

MGOMBEA AMEMZIKA MUMEWE SHAMBANI? BABU MKWELI AFICHUA MAZITO.

Chini picha ya shamba la Hildegardi, mashimo yote. Wameandika hivi: "Mashimo yanayokadiriwa kufikia mia tatu." Halafu wakaandika, "Mumewe hajaonekana kwa miaka miwili. Wananchi wanahoji."

Ni kweli nilisema siku ile? Nilisema. Maneno yangu kabisa. Ila kicheko chake hawakukiandika, wala changu.

Sitadanganya kitabu changu mwenyewe: nilifurahi. Watu elfu nne wamesoma. Padri wetu Pasaka hajawahi kupata elfu nne. Nilinunua komoni raundi mbili.

Kunigunda kaniwekea ugali mezani, hakusema neno. Yule mama asiposema neno, nyumba inavuja.

Machi 13

Mvua toka asubuhi. Watu watatu waliopita njiani wameniuliza, ni kweli? Nikawaambia muulizeni Damiano. Wakacheka. Wa tatu hakucheka.

Machi 15

Leo nimepigwa pigo, na si kwa fimbo.

Nimekutana na Hildegardi dukani kwa Stephano. Nikajiandaa. Nikamwambia, "Mchimba kaburi, umekuja kununua sanda?"

Akasimama. Akapiga goti kidogo, kama anayeamkia mkwe. Akasema:

"Shikamoo, mzee Tarsisi."

Nilijibu marahaba kwa sababu mdomo ulijijibu wenyewe. Miaka hamsini yule mwanamke hajaniamkia. Nilipozaa mtoto wa kwanza alisema katoto kamefanana na panya. Nilipougua alikuja na kamba kunipima urefu. Leo shikamoo. Mtani akikuamkia kwa heshima amekutoa kwenye ukoo, amekuweka na watu wa ofisini.

Stephano alijifanya anapanga chumvi.

Nilikuja nyumbani nikamweleza Kunigunda. Kasema, "Baba Edmund, utani unakaa kati ya mdomo na sikio. Wewe umeutia kwenye simu. Kwenye simu meno yako hayaonekani kama unacheka au unang'ata."

Nilitaka kumwambia hilo ni langu, nilikuwa karibu kulisema.

Machi 17, Jumatatu

Naandika kirefu, mkono unauma, lakini mambo haya lazima yakae.

Asubuhi vijana wa Mzinga kama thelathini walipanda mlimani kwa Hildegardi na majembe. Sikuwaita mimi. Waliimba, "Mzinga! Asali!" Mmoja ana simu, anasoma habari ya Nyuki kama anasoma injili. Wakaanza kuchimba kutafuta mifupa ya Damiano.

Nilikimbia. Mzee wa miaka yangu, nilikimbia, na niliwapita wawili wenye umri wa Edmund mwanangu. Nilipofika walikuwa wamefumua ngolo tisa. Maharage yameshaota vidole viwili, wameyatupa juu juu. Na mvua ilikuwa imeshika. Mtu wa Matengo akiona tuta limefumuliwa mlimani wakati mvua inanyesha anasikia kama amevuliwa nguo. Shimo la juu likifunguka maji yake yanaangukia la chini, la chini linaangukia la chini yake. Niliona kwa macho haya udongo mwekundu unashuka kama uji unafurika sufuria. Ngolo tisa zilivuta nyingine kama thelathini.

Hildegardi alisimama juu kabisa na jembe, hakupiga kelele. Nyuma yake wanawake wa ujima wanaomsaidia kulima.

Nikapiga kelele mimi. "Wajinga nyinyi! Ule ulikuwa utani! Huyu ni mtoto wa shangazi yangu! Damiano yuko ziwani anakula samaki!"

Wakanitazama. Halafu wakacheka. Walicheka vizuri, kama kilabuni.

"Babu Mkweli ameanza!" kasema mmoja. "Babu, na chui je, yuko ziwani naye?"

Miaka sabini nimetafuta watu wacheke. Leo nilitaka mmoja tu anune.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akawafukuza. Alasiri askari wawili wakafika toka mjini, watu wastaarabu. Wakaandika maelezo yangu. Nikasema yote. Yule mkubwa akaniuliza, "Mzee, kwa hiyo tarehe saba ulisema uongo, au unasema uongo leo?"

"Tarehe saba nilitania."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya kutania, mzee."

Wamemwambia Hildegardi: aidha mumewe aonekane, au Jumatano ya wiki ijayo shamba lichimbwe rasmi, lote, mbele ya mashahidi. Lote! Mlima ule ukichimbwa wote na mvua hii, atakula nini? Atalima wapi tena? Hildegardi kasema hajui Damiano yuko kijiji gani. Simu hana, na akiwa nayo hapokei.

Machi 18

Nimekwenda Mbinga kwa Adrian. Ofisi yake ni chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi. Ukutani picha ya Bwana Othmar, kubwa kuliko ya Bikira Maria nyumbani kwangu.

"Adrian, andika kwamba ilikuwa utani."

"Babu, sisi hatujasema amemzika. Tazama." Akanionyesha kwenye kompyuta. "Kuna alama ya kuuliza. Tumeuliza tu."

"Kaalama kenyewe kadogo kama ndoano ya kuvulia samaki."

"Ndiyo sheria, Babu. Ukiweka ile, umepona."

"Hildegardi hajapona. Shamba linakwenda mtoni."

Akanimiminia soda. Kasema, "Babu, uchaguzi bado siku kumi na mbili. Nikifuta leo, Kinu watasema Nyuki waongo. Na wewe, Babu Mkweli, utaitwa nani? Acha kwanza. Tukishapiga kura nitaandika masahihisho. Madogo, chini."

"Wewe si mtoto wa Katarina wa Kitai? Mama yako akilima ngolo zake, si makaburi hayo? Wewe umekulia maharage ya mashimo, leo unayaogopa kwenye picha?"

Aliinamisha kichwa. Anajua. Alijua tangu mwanzo. Watu wa Dar es Salaam ndio hawajui, na vijana wetu walisoma mpaka wakasahau wanachokilima wenyewe.

Soda niliinywa. Soda haikuwa na kosa.

Machi 19

Nimemwambia Kunigunda nakwenda ziwani kumleta Damiano. Kasema, "Unajua alipo?" Nimemwambia Tarsisi haulizi njia, njia inamuuliza Tarsisi. Akanifungia mihogo ya kuchemsha na kuniambia nianze Mbamba Bay kwenye forodha ya samaki, niulize kwa jina la marehemu baba yake Damiano. Alikuwa ameshafikiri kabla yangu. Sijui lini.

Machi 20–23

Safari. Wengine wataeleza kwamba basi lilikwama matopeni mara nne na tulilisukuma wote. Mimi naeleza kwamba nililisukuma mara tatu, ya nne nilikuwa nimechoka nikawaachia wao.

Ukishuka toka milimani, ziwa linatokea ghafla chini, pana kama mbingu imeanguka. Joto la kule linamvua mtu koti. Nikauliza pale forodhani. Walinipeleka kwa mzee mmoja Mwanglikana, Hamphrey, mvuvi, kijiji cha mbele kuelekea Liuli. Mtu mwema. Alinipa samaki, mbasa wa kuchoma, nikamwambia nimewahi kumkamata mkubwa zaidi ya huyo. Akasema, "Wewe wa milimani ulimkamatia wapi, kwenye shimo la maharage?" Nikampenda papo hapo.

Damiano nikamkuta ufukweni anaanika usipa, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja. Amekonda, amekuwa mweusi wa jua, lakini ni yeye, na bega lake la kushoto liko juu kuliko la kulia.

"Tarsisi! Nani amekufa?"

"Wewe."

Akacheka. Nikamwambia umezikwa shambani kwako, na mkeo, bila padri, na juu yako pamepandwa maharage. Watu elfu nne wanajua. Akaendelea kucheka mpaka nilipofika kwenye zile ngolo tisa. Hapo akaketi kwenye mchanga.

"Za upande gani?"

"Za juu, karibu na mparachichi."

"Zile nilizipanga mimi," kasema. "Mwaka juzi. Zile ndizo nilizoondokea."

Ndiyo nikajua. Mwaka juzi alipanga majani, viboksi vikapinda, kwa sababu ni mtu wa mkono wa kushoto na anaanzia upande usiofaa. Hildegardi mbele ya wanawake wote wa ujima akamwambia, "Damiano, huu ni mkeka wa mlevi." Wakacheka wote. Akaweka nyengo chini, akatembea mpaka ziwani. Miaka miwili! Kwa sentensi moja!

Nilitaka kumcheka. Nikakumbuka shikamoo ya dukani. Nikanyamaza, na Mungu ni shahidi kwamba nilinyamaza.

Usiku ule nilimwomba turudi wote mlimani. Asubuhi nilimkuta amefunga mzigo, na kifurushi cha usipa juu. Kasema, "Huwezi kwenda mikono mitupu kwenye msiba wako."

Machi 25

Nyuki wametuwahi. Mtu alituona kwenye basi. Edina kanisomea: KINU WALETA DAMIANO WA BANDIA? Na ile ndoano yao mwishoni.

Machi 26, Jumatano

Mlimani walikuwepo askari, mwenyekiti, vijana wa Mzinga na majembe, wanawake wa Kinu na vinu vyenyewe kabisa wanatwanga hewa. Adrian na simu yake. Mvua ya rasharasha.

Damiano akafika. Vijana wakaanza: "Bandia! Bandia! Amekonda! Damiano alikuwa mnene!" Kitambulisho hana, kilizama ziwani. Askari akamuuliza Hildegardi, "Mama, huyu ni mumeo?"

Hildegardi akamtazama Damiano, muda mrefu. Akaingia kibandani, akatoka na nyengo. Ile ile. Mpini ulikuwa umepakwa mafuta, haukuwa na kutu hata kidogo, miaka miwili. Akamtupia miguuni.

Damiano akaiokota kwa mkono wa kushoto. Pale zilipobomoka ngolo majani marefu yalikuwa pembeni. Akaanza kufyeka. Halafu akaanza kupanga, kuanzia upande usiofaa, boksi la kwanza limepinda, la pili limefuata upinde wa la kwanza. Kila mtu wa kijiji hiki aliyepita njia ile miaka ishirini anaijua kazi ile, hakuna mwingine duniani anayepanga vibaya namna ile.

Yule kijana aliyenicheka akashusha jembe. Kasema polepole, "Mkeka wa mlevi."

Hildegardi akasema, "Koma. Ni wangu."

Askari akafunga faili. Wanawake wakashuka na majembe, wakaanza kufukia nyuma yake. Nami nilifyeka. Kazi ya watu wanne niliifanya peke yangu, hili halina utani. Hildegardi alinipita mara tatu na hakunitukana hata mara moja. Nilisubiri.

Machi 30, Jumapili

Kura. Siri ya mtu ni siri, hata kauntabuku siliambii.

Machi 31

Bwana Othmar ameshinda kwa kura ishirini na tatu. Chama changu kimeshinda, watu wakanibeba juu, nikawaambia nishusheni nina kiuno. Nyuki wameandika masahihisho. Edina aliyatafuta muda wa sufuria kuchemka. Mistari miwili, chini ya tangazo la bati.

Kura ishirini na tatu. Mimi nawajua kumi kwa majina walioniambia hawawezi kumpa kura mwanamke mwenye makaburi.

Aprili 2

Mvua. Maharage ya Hildegardi ya upande mzima yanaendelea vizuri. Nimepita njia ya mbali.

Aprili 6, Jumapili

Leo nimekufa.

Nilikuwa nimelala kidogo baada ya misa. Nikasikia vilio. Natoka nje, uani wamejaa watu: unga, kuni, mbuzi mmoja. Stephano wa dukani ameleta chumvi ya bure, jambo ambalo halijatokea tangu soko huria lianze. Waliponiona wakakimbia, mbuzi wakamwacha.

Edina akaja na simu. Chama cha Kinu nao sasa wana gazeti lao la hewani, limeanza juzi, linaitwa Mchi. Habari yao ya kwanza: BABU MKWELI AFARIKI KWA KUBANWA NA ULIMI? Chanzo: ndugu wa karibu, mtoto wa shangazi. Na Nyuki, wasipitwe, wamenakili vile vile. Ila wao wameondoa ile ndoano.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu saa kumi likaingia lori la makaa ya mawe toka mgodi wa Ngaka. Akashuka Edmund mwanangu. Uso mweusi wa vumbi la makaa, na chini ya macho mistari miwili imeoshwa. Mkononi ana sanda nyeupe, mpya. Aliponiona alinishika bega, akanishika tena. Sikupata neno. Mimi. Sikupata.

Nikaazima simu ya Edina, nikampigia Adrian.

"Adrian, mimi Tarsisi. Sijafa. Futa."

Akasema, "Nani mwenzangu? Una ushahidi?"

Nyuma yangu nikasikia kicheko ninachokijua miaka hamsini. Hildegardi amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, na Damiano nyuma yake na kifurushi cha usipa.

"We mzoga," kasema, "nani amekuruhusu kuamka? Tumeshachimba!"

Sijaamkiwa. Nimetukanwa mbele ya watu wote. Nikamwambia kaburi lenyewe nimelikagua limepinda, bila shaka mumeo ndiye aliyepima. Tukamchinja yule mbuzi wa msiba wangu. Alikuwa mtamu, na ni wachache duniani wanaoweza kusema hivyo.

Kwa hiyo naandika hapa kwa mkono wangu, kwa wa Dar es Salaam na wa kokote: leo tarehe sita Aprili, mimi Tarsisi niko hai, nimeshiba. Kunigunda ameweka dole gumba hapo chini kuwa shahidi, kasema sahihi huigwa, dole haliigwi. Amesoma kwanza, neno kwa neno, kabla ya kuweka.